Nimeshinda siku nzima ndani ya chumba cha kupandikiza nywele, niliyoyaona nayaweka hapa (uzi mrefu)

MLETA UZI

Wakuu habari za mda huu. Naandika hapa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikitafuta karibu miezi sita kwa Kiswahili sikukipata, nikawa naambulia matangazo tu, picha ya kabla na picha ya baada basi. Nitaandika kwa vipande maana nachapa kwa simu, mnivumilie.

Nina miaka 27. Nywele zilianza kurudi nyuma kwenye pembe za paji la uso nikiwa na 22, sasa hivi hata utosini ngozi inaonekana nikisimama chini ya taa. Kwa wanaoujua ule mpangilio wa Norwood wa kupima upara wa wanaume, wenye hatua 7, mimi dokta kaniweka hatua ya 3 naelekea ya 4. Kuna mtu ataona ni jambo dogo, ila mimi lilininyima raha kweli, picha sipigi, kofia haitoki kichwani, kwenye shughuli nakaa nyuma kabisa. Kwaiyo nikaamua nipandikize.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda siitaji jina. Nilipokelewa na kijana mmoja kavaa koti jeupe, mchangamfu sana, nikajua ndo dokta. Akachukua kalamu ya wino akanichorea mstari chini kabisa, vidole vitatu tu juu ya nyusi, akasema tutakujaza vipandikizi 5,000 kwa siku moja. Kisogo changu hakukigusa, hata kukiangalia hakukiangalia. Nikamuuliza nani atanifanyia, akajibu timu yetu ina uzoefu mkubwa. Nikamuuliza dokta ni nani, akarudia hilohilo la timu. Baadae ndo nikaja kujua yule kaka kazi yake ni mauzo. Nilitoka pale na fomu ya malipo mkononi, roho nzito, ule mstari wa wino nikausugua siku mbili ndo ukatoka.

Ya pili ilikuwa tofauti. Aliyenipokea ni dokta mwenyewe, nikamsimulia yaliyonikuta, akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema njoo uangalie kazi inavyofanyika, ukishaona utajua cha kuuliza popote utakapokwenda, hata kama sio hapa kwangu. Akamuomba ruhusa mgonjwa wake mmoja, yule bwana akakubali na akasaini. Nikapangiwa siku na masharti yangu, simu inabaki nje, navaa gauni, kofia, barakoa na viatu vya mulemule ndani, nasimama hatua mbili kutoka kitandani, sigusi kitu, na nikihisi kizunguzungu nakaa chini palepale nilipo, nisikimbilie mlango nikaja kuangukia trei.

Naendelea jioni.

MDAU

Nimeshaweka kambi hapa mkuu, shusha vitu.

MDAU MWINGINE

Kabla hujaendelea naomba kuuliza, hizo nywele wanazitoa wapi? Za mtu mwingine au za bandia?

MLETA UZI

Za kwako mwenyewe mkuu. Ukiwekewa za mtu mwingine mwili unazikataa kama unavyoweza kukataa figo ya mtu, ungebaki unameza dawa za kushusha kinga maisha yako yote kwa ajili ya nywele. Zinatoka kisogoni na pembeni juu ya masikio. Muangalie mzee yeyote mwenye upara, ule mkanda wa nywele unaozunguka kisogo haumuishi. Kinachomaliza za mbele ni homoni inaitwa DHT, inatokana na testosteroni, sasa vinyweleo vya mbele na vya utosini vinadhurika nayo, vinasinyaa kidogo kidogo mpaka vinabaki kutoa vinyoya laini kama vya mtoto mchanga, ila vya kisogoni vinaistahimili. Na ukikitoa kinyweleo kisogoni ukakipanda mbele, kinaendelea na tabia ya kule kilikotoka.

Hilo ndo alilolionyesha daktari Norman Orentreich wa New York, alianza kupandikiza 1952 akaja kuliandika 1959. Japani daktari Okuda alikuwa ameshaandika tangu 1939 habari za kuhamisha vipande vya ngozi yenye nywele, ila vita kuu ikaingia na kazi yake haikuwafikia wengi. Enzi za Orentreich walikuwa wanahamisha vipande vikubwa, milimita 4 hivi, ndo maana watu wa miaka ile nywele zao zilikaa mafungu mafungu kama za mwanasesere. Siku hizi inahamishwa kama ilivyoota. Nywele zinaota kwa vikundi, tundu moja linatoa nywele 1 mpaka 4, na kikundi kimoja ndo kipandikizi kimoja. Mule ndani wao wanaviita miche, na nikishaona siku nzima naona hamna jina linalofaa zaidi, maana ni kitalu na shamba kabisa, unang'oa huku unapanda kule, na mche ukikaa juani umekufa.

Haya sasa siku yenyewe.

Nilifika saa moja asubuhi. Walikuwa sita, dokta, nesi mmoja na mateknisheni wanne, kati yao yupo dada mmoja wa makamo ambaye wenzake wote wanamuita Dada tu bila jina, hata dokta anamuita hivyo. Mgonjwa ana miaka 41, nywele za kipilipili, mbele pameisha ila kisogo kimejaa. Vipimo vya damu alishafanya kabla, virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na wiki nzima alishaambiwa asimeze aspirini kwa sababu inafanya damu isigande vizuri. Nesi akampima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa juu kidogo, akamwambia akae, apumue, akapima tena baada ya dakika kumi. Sikudhani wangesubiri hizo dakika kumi maana kila kitu kilikuwa tayari mezani.

Alafu kuchora. Huku ndo nikamkumbuka yule kaka wa kalamu ya wino. Dokta alimkalisha mgonjwa wima, akachukua rula akapima kutoka katikati ya nyusi kwenda juu, akaweka alama kwenye sentimita 8. Mgonjwa akaomba ishuke kidogo. Dokta akamwambia kaka yangu, huu mstari utakuwa nao mpaka ukiwa na miaka 65, nikiushusha leo utakula miche ambayo utosi wako utakuja kuihitaji, na kisogo hakiotishi mingine. Wakajadiliana karibu nusu saa. Na mstari wenyewe hakuuchora umenyooka, aliuchora unaingia na kutoka kidogo kidogo, akasema hamna binadamu aliyezaliwa na mstari wa rula kichwani. Akampa kioo, akasubiri mpaka yule bwana mwenyewe aseme sawa.

MDAU

Aisee. Mimi shemeji yangu kaenda sehemu kafanyiwa mpaka leo mstari wake umenyooka kama ukingo wa meza, kila mtu anajua. Endelea mkuu.

MLETA UZI

Pole kwake mkuu. Kurekebisha inawezekana, wanatoa baadhi wanavunja ule unyoofu, ila inakula akiba ileile ya kisogoni.

Ganzi. Hapa ndo panauma, tusidanganyane. Mgonjwa mwenyewe aliniambia mchana kwamba sindano za mwanzo ndo maumivu pekee aliyoyasikia siku nzima, ila hizo alizisikia vizuri. Dokta alikuwa na kimashine kinachotetemeka, anakibana kwenye ngozi karibu na pale anapochoma, ubongo unashughulika na mtetemo na sindano unaisikia nusu. Dawa ni lignokeini iliyochanganywa na adrenalini, adrenalini inabana mishipa ili damu isitoke sana na ganzi ikae mda mrefu.

Kitu kilichonigusa ni ubao. Ukutani kuna ubao mweupe, na kila dokta akimaliza bomba la sindano anataja kwa sauti, nesi anarudia kwa sauti, anaandika ubaoni kiasi na saa. Nilimuuliza nesi mbona mnatajiana kama darasani. Akasema mgonjwa ana kilo 70, kiwango cha juu cha lignokeini yenye adrenalini ni miligramu 7 kwa kila kilo, yaani 490 kwa huyu, na siku ni ndefu, mchana tutaongeza mbele, sasa kama hatuandiki nani atakumbuka asubuhi ameshaingiziwa ngapi?

MDAU (NESI WA CHUMBA CHA UPASUAJI)

Naongezea hapo kwa sababu watu wanachukulia ganzi kama kitu cha mchezo. Lignokeini ikizidi mwilini mgonjwa anaanza kusema mdomo unakufa ganzi, ulimi una ladha kama ya chuma, masikio yanalia, anaweza kuanza kuongea ongea au kusinzia, ikiendelea ni degedege na moyo unasimama. Kwaiyo chumba chochote cha namna hiyo lazima kiwe na oksijeni, dawa za dharura, na mtu anayejua kuzitumia, sio vipo vipo tu kabatini. Mleta uzi uliviona?

MLETA UZI

Niliviona nesi, asante kwa hili. Toroli la dharura lilikuwa kona ya kulia ya kitanda na asubuhi kabla mgonjwa hajaingia nesi alilifungua droo moja moja akiangalia tarehe za dawa. Kule kliniki ya kwanza nilipitishwa mpaka chumba cha upasuaji wakanionyesha kiti cha kisasa na televisheni, toroli la namna hiyo sikuliona na wakati ule hata sikujua kama natakiwa kuuliza.

Sasa kung'oa. Mgonjwa analala kifudifudi, uso unaingia kwenye tundu la kitanda. Njia waliyotumia ni FUE, mche mmoja mmoja. Kuna ile nyingine FUT ambayo wanakata ukanda wa ngozi kisogoni, wanashona, alafu ukanda wanauchambua chini ya hadubini, hiyo inaacha kovu moja refu kama mstari, hii inaacha vidoa vidogo vingi. Usiamini mtu anayekwambia haina kovu kabisa. Chombo ni kama kalamu yenye mota, mbele kuna kibomba kinachozunguka chenye tundu la milimita 0.9, kinakata ngozi kuzunguka kinyweleo, alafu teknisheni anakuja nyuma yake na kibano anauvuta mche taratibu.

Na hapa ndo naomba wenye nywele za kipilipili wenzangu msome kwa makini. Nywele zetu zinapinda tangu chini ya ngozi. Ule mzizi haujanyooka, umekunja kama ndoana. Sasa kibomba kinakata moja kwa moja kwenda chini, nywele inakwenda kwa kona, matokeo yake kinaukata mzizi katikati, na mche uliokatwa mzizi mara nyingi hauoti, na kule ulikotoka umeshapaharibu. Dokta alichofanya, alitoa miche 20 tu, akasimama. Akaweka chombo chini. Akasema Dada niangalizie. Dada akaichukua kwenye kisahani akaipeleka chini ya hadubini, chumba kizima kimya, unasikia kiyoyozi tu. Akasema dokta mitatu imekatwa.

Mitatu kwenye 20. Dokta akabadilisha kibomba akaweka cha milimita 1.0, akalainisha na mkono, akawa haendi ndani sana, anakata juu tu na kukiacha kinyweleo kivutwe kwa kona yake. Akatoa mingine 20. Dada akaangalia, akasema mmoja. Dokta akasema tunaendelea. Na sio kwamba ndo basi, kila mia moja Dada anamsomea tena hesabu.

Nikaomba niangalie kwenye hadubini. Nakumbuka mpaka leo. Kwa macho ni kitu cha milimita 4 au 5, ukikipuliza kinapotea. Chini ya hadubini unaona kichwa cheupe kimevimba kidogo, juu yake nywele mbili nyeusi zimetoka pamoja, kuzunguka kuna mafuta ya njano yanang'aa, na mwili wote umejikunja kama ndoana kweli. Nilikaa nikakiangalia mpaka Dada akanigusa bega akasema kaka inatosha, unakaushwa na taa.

MDAU

Kwaiyo kisogo hakibaki na upara?

MLETA UZI

Kikifanywa vizuri hakibaki. Anaruka ruka, anatoa mmoja anaacha mitatu minne, kama mkulima anavyopunguzia miche. Kisogo kina vikundi kati ya 65 na 85 hivi kwa sentimita ya mraba, sisi wa kipilipili mara nyingi tuko chini ya hapo, na unaweza kupunguza kiasi bila macho kuona. Shida ni wale wanaong'oa elfu nyingi kwa siku moja kutoka sehemu moja, kisogo kinabaki na mabaka kama kimeliwa na nondo. Kwa watu wengi akiba yote ya maisha haizidi sana miche 6,000. Sasa rudini mkasome yule kaka aliniahidi ngapi kwa siku moja, na hajagusa kisogo.

MDAU

Duh. Umeniogopesha, maana mimi nilishatuma picha sehemu nikaahidiwa 4,500 kwa ujumbe wa simu tu.

MLETA UZI

Usiende mkuu mpaka mtu akikague kisogo chako kwa lenzi. Kwa picha ya simu hawezi kuhesabu.

Naendelea. Miche ikitoka inaingia kwenye visahani vyenye maji ya chumvi yaliyokaa juu ya barafu. Mateknisheni wawili wanaipanga kumi kumi, ya nywele 1 kisahani chake, ya 2 chake, ya 3 chake. Kilichonishangaza ni jinsi wanavyoogopa ukavu. Kila baada ya dakika chache mtu ananyunyiza maji. Dada alinieleza kwamba mche kwenye ubaridi na maji unavumilia masaa, japo kila saa inayopita kuna inayokufa, lakini ukiuacha juu ya glavu, mkavu, chini ya taa, dakika chache tu zinauharibu na hutaona kwa macho, utaupanda vizuri kabisa, miezi minne baadae hamna kitu.

Na nilishuhudia. Saa nne hivi, teknisheni mmoja kijana alikuwa na miche kama mitano mgongoni mwa kidole cha glavu, akageuka kumjibu mwenzie swali, wakaongea. Dada alikuwa upande wa pili wa chumba. Akasema tu, kaka, hiyo imekauka. Kijana akasema Dada haijafika hata dakika mbili. Dada akaja, akaiangalia, akaichukua kwa kibano akaiweka pembeni kwenye pamba, akamwambia nesi andika mitano imepotea, uzembe wetu. Uzembe wetu, hakusema uzembe wake. Na dokta akaambiwa palepale, na mgonjwa jioni akaambiwa. Nilimuona yule kijana macho yanalenga machozi juu ya barakoa, na baada ya pale hakuongea mpaka mchana. Mimi niliyekuwa natafuta mtu wa kumuamini na kichwa changu, hiyo mitano iliyotupwa ndo iliyonifanya niwaamini.

Mchana mgonjwa alipumzika, akala, akaenda chooni, akalala chali. Ganzi ya mbele. Alafu dokta akatoboa vitundu kwa kisu chembamba kama cha milimita moja, kimoja kimoja, mkononi kwa nesi kuna kihesabio kinabofya, tik tik tik, karibu saa na nusu. Huo ndo mda nilioona ustadi wa dokta mwenyewe. Mbele kabisa kisu kinalala karibu na ngozi, nywele ielekee mbele na chini, ukienda pembeni kwenye panja kinalala zaidi mpaka karibu kiwe bapa, ukirudi nyuma kinaanza kuinuka. Mwelekeo wa nywele unaamuliwa hapo, kwenye kitundu. Anayekuja kupanda anaufuata tu.

Kupanda wakagawana wawili wawili, kulia na kushoto. Safu za mbele miche ya nywele 1 tu, ili isionekane kama ukuta, nyuma yake ya 2, katikati ya 3. Unashika kwa kibano kwenye yale mafuta chini, sio kwenye kichwa cheupe maana ukikibana umekiua, unaingiza mara moja. Na kuna tabu ya kuchomoka, ukiingiza huu, jirani yake anaruka nje kwa presha ya damu, Dada akawa anaukandamiza ule jirani na pamba yenye maji kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unapanda. Masaa matatu na kitu namna hiyo, shingo imeinama.

MDAU

Wakati huo dokta yuko wapi? Ameenda nyumbani?

MLETA UZI

Alikuwa anatoka anaandika faili, kila nusu saa anaingia na miwani yake ya kukuza anapitia. Mara moja alisimama upande wa kulia akasema hii mitatu imegeuka, itoe. Mikunjo ya nywele ilikuwa inaangalia nje badala ya ndani. Ikatolewa, ikarudishwa sawa na Dada mwenyewe.

Na nilimuuliza hilo swali la nani afanye nini. Alisema kupanga na kupanda kunaweza kufanywa na mateknisheni waliofundishwa wakiwa chini ya jicho la dokta, ila kukata ngozi, yaani kung'oa kwa kibomba na kutoboa vitundu, ni upasuaji, na upasuaji ni wa daktari. Kipo chama cha kimataifa cha madaktari wa kurudisha nywele, ISHRS, cha tangu 1993, kina kampeni nzima ya kuwaonya watu juu ya sehemu ambazo daktari ni jina tu ukutani na wanaokata ni watu wasio na leseni. Kwaiyo swali la kuuliza usiishie kwenye nani dokta wenu. Uliza mkono wa nani utakata ngozi yangu, mwanzo mpaka mwisho, na kwa siku hiyo anafanyia watu wangapi. Huyu wetu alikuwa na mmoja tu.

Saa kumi na mbili jioni ubaoni palisomeka miche 2,150. Ya nywele 1 ni 480, ya 2 ni 1,060, ya 3 ni 610. Nikajumlisha kichwani, nywele 4,430. Mgonjwa akaomba asomewe mara mbili.

MDADA

Samahani mleta uzi, na sisi wanawake je? Mimi mbele pameisha kwa sababu ya kusuka kwa kukaza tangu mtoto.

MLETA UZI

Dada yangu niliuliza pia kwa ajili ya dada yangu wa damu. Dokta alisema upara wa kuvutwa unapandikizika vizuri tu, ila mpaka uvutaji uwe umekoma na eneo limetulia, ukipanda alafu ukarudi kukaza unaipoteza na hiyo mipya. Alafu kuna upara wa makovu, upo unaoanzia utosini ukasambaa, mara nyingi unawasha au unachoma, huo kwanza unaonwa na daktari wa ngozi, wanaweza kukata kipande kidogo cha ngozi wakapime, kwa sababu ukipanda kwenye ugonjwa ulio hai unakula na miche. Usianzie kliniki ya nywele, anzia kwa daktari wa ngozi. Na mwenye historia ya makovu yanayoota na kuvimba, keloidi, aseme mapema kabla ya kitu chochote, mwanamke au mwanaume.

MDAU

Na wewe mkuu? Ulifanya lini?

MLETA UZI

Sijafanya.

Dokta alinipima wiki iliyofuata. Lenzi kisogoni, akahesabu vikundi 62 kwa sentimita ya mraba. Alafu akanionyesha kwenye skrini nywele za utosini, nyingine nene, nyingine nyembamba kama uzi wa buibui, akasema hizi bado zinakufa, hazijatulia. Nikipanda mbele leo, na nyuma yake zikaendelea kuondoka, baada ya miaka mitano nitakuwa na kisiwa cha nywele mbele na jangwa nyuma. Akanishauri nianze dawa kwanza, finasteridi miligramu 1 kwa siku, ile iliyoruhusiwa Marekani kwa upara wa wanaume 1997, na minoksidili ya kupaka, ya tangu 1988. Akanieleza madhara bila kuficha, kwamba wachache wanapungukiwa hamu au nguvu za tendo, wengine hali ya moyo inashuka, nikiona hivyo nimpigie nisijikaze. Na nyumbani mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Nirudi baada ya mwaka.

Nilikasirika, nasema ukweli. Nilikuwa nimeshajipanga kila kitu. Ila mtu ambaye angeweza kunilaza kitandani kesho yake akachukua hela yangu, akanirudisha nyumbani na karatasi ya dawa, nimemshukuru kadri siku zinavyokwenda.

MDAU

Tunaomba mrejesho mkuu, usipotee.

MLETA UZI (MREJESHO)

Wakuu imepita miezi minane, nimeahidi nimerudi.

Upande wangu, dawa nameza, madhara sijayaona, picha zilipigwa kiti kilekile taa ileile, utosini ngozi haijaongezeka. Sio kwamba zimerudi zote, ila kuondoka kumesimama, na dokta ameridhika tusubiri mwaka utimie.

Yule bwana aliyepandikizwa siku ile tulikutana kwenye benchi la kusubiria, alinitambua yeye kwanza. Akanisimulia siku ya tatu paji la uso lilivimba mpaka macho yakawa madogo, alishaambiwa kwaiyo hakuogopa, alilala kichwa kimeinuliwa, magamba yakaisha siku ya kumi. Alafu wiki ya tatu zikaanza kudondoka, zote, mpaka mwezi wa tatu kichwa kikawa kama siku aliyoingia. Anasema hapo ndo alikosa usingizi, japo alishaambiwa pia, kwamba nywele inadondoka mzizi unabaki, unalala, unaanza upya mwezi wa tatu au wa nne. Akaniambia ile miezi usiwe peke yako, uwe na namba ya kumpigia mtu. Yeye alikuwa anampigia nesi.

Sasa zipo. Dokta anasema bado, picha kamili ni mwezi wa 12 na kuendelea, ila zipo. Akavua kofia akainama akaniambia kaka angalia vizuri, wewe ulikuwepo. Nikaangalia. Mstari unaingia na kutoka kama ulivyochorwa. Nikatafuta upande wa kulia pale Dada aliporudishia ile mitatu iliyokuwa imegeuka, nikapitisha na kidole, sikupaona.